Ninavyowafundisha askari kuhusu usonji

Somo la usonji (autism, hali ya ubongo inayomfanya mtu awasiliane na ahisi mambo kwa namna tofauti) kwa polisi likianza na orodha ya dalili, limeshapotea njia. Askari atakayetoka darasani na dalili kumi kichwani kesho yake ataanza kupima watu barabarani kama daktari, na atakosea. Mtu anayeyumbayumba, asiyekutazama usoni na asiyejibu anaweza kuwa na usonji, lakini pia anaweza kuwa kiziwi, amelewa, ametoka kwenye kifafa au ameogopa tu. Kwa hiyo nafundisha kitu kimoja: ukiona amri ya kawaida haifanyi kazi na hakuna maisha yaliyo hatarini, badili mwendo wako hata kama sababu huijui.

Darasa huchukua saa 4, na askari hawazidi 20. Zaidi ya nusu ya muda ni mazoezi. Mtu mzima mwenye usonji hufundisha pamoja nami, analipwa kama mkufunzi mwingine yeyote, na tunapatana mapema maswali ambayo hatayajibu. Mzazi naye anafaa, ila yeye husimulia yanayoonekana kwa nje.

Zoezi la kwanza ni la kunyamaza. Wanakaa wawili wawili. Mmoja anatoa agizo la hatua moja, "Kaa kwenye kiti hiki," kisha anahesabu kimoyomoyo mpaka 10 kabla ya kusema neno jingine. Wengi hushindwa wakifika 4 au 5. Wanapandisha sauti na, vibaya zaidi, wanabadili maneno: "Kaa hapo… hebu keti… nimesema chini!" Kwa mtu anayehitaji muda kuchambua anachosikia, hizo ni amri tatu tofauti, na kila moja inaivuruga ya kabla yake. Ukilazimika kurudia, tumia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Zoezi hili halina haraka. Tunalirudia mpaka ukimya uache kuwatia aibu.

Kisha lugha. Ukiuliza "Unaweza kunionyesha kitambulisho?" unaweza kujibiwa "Ndiyo", na mikono isisogee. Askari anaona kiburi, kumbe mwenzake amejibu swali aliloulizwa. Sema "Nionyeshe kitambulisho." Badala ya "Acha fujo," sema "Weka mikono juu ya meza." Na usimguse kabla ya kumwambia: "Nitakushika mkono wa kulia. Halafu nitakufunga pingu." Mguso wa ghafla, hata mwepesi, unaweza kumuumiza; akijivuta, jalada litaandikwa kwamba amekaidi kukamatwa.

Mazingira nayataja kwa kifupi: zima king'ora na taa, punguza redio, mbwa abaki garini, aongee askari mmoja na wengine warudi nyuma. Kupepea mikono au kunung'unika wimbo kunamtuliza, mwache. Kitu alichoshika, kama si silaha, usimnyang'anye. Kule North Miami, Marekani, mwaka 2016, polisi waliitwa kwa taarifa ya mtu mwenye bunduki. Mwanamume mwenye usonji alikuwa ameshika gari la kuchezea, na risasi ya polisi ikampata mhudumu wake, aliyekuwa amelala chini, mikono juu, akiwaeleza hivyo. Ndiyo maana nasisitiza wapokeaji wa simu za dharura waje darasani na wazoee kuuliza: umeiona bunduki kwa macho, au umedhani? Kuna mtu aliye naye? Anajibu akiongeleshwa?

Katika kumdhibiti mtu sina mzaha. Kumlaza kifudifudi huku askari wamemkalia mgongoni kunaweza kumkosesha pumzi. Anafurukuta kwa sababu hapumui, wanadhani anapambana, wanaongeza uzito. Asiyezungumza hawezi hata kusema. Pingu zikishafungwa, mgeuze ubavu au mkalishe mara moja. Mbinu za kumtia maumivu ili atii hazitabiriki: wengine huyahisi kupita kiasi, wengine hawaonyeshi kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo, mkague majeraha kwa macho, usitegemee kuambiwa.

Mtoto mwenye usonji akipotea, anza na maji. Kuzama ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto hawa wanapotoroka, na wengi huvutwa na maji. Tuma mtu kwenye bwawa, mto, kisima na mtaro ulio karibu huku askari mwenzake akiandika maelezo ya mzazi. Kumwita kwa jina huenda kusisaidie; muulize mzazi anapenda wimbo gani, kisha upige wimbo huo.

Kituoni ndiko kesi huharibika kimyakimya. "Nieleze yote" ni pana mno. Weka mwanzo na mwisho: "Nieleze kilichotokea tangu ulipoingia dukani mpaka ulipotoka." Chora mstari wa muda kwenye karatasi, aujaze. Maswali ya ndiyo au hapana ni hatari, kwani anaweza kukubali ili mahojiano yaishe. Wengine hurudia walichosikia: "Ulimpiga?" "Ulimpiga." Hapo hakuna kukiri. Njia rahisi ya kupima ni kuuliza jambo unalolijua, kwa mfano "Ulikuja kwa gari au kwa miguu?" na baadaye "Kwa miguu au kwa gari?" Akichagua neno la mwisho mara zote mbili, hayo si majibu, simamisha mahojiano. Akisema ameelewa haki zake, mwombe azieleze kwa maneno yake. Uingereza na Wales, kanuni zilizotungwa chini ya sheria ya polisi ya 1984 zinadai awepo mtu mzima wa kumsaidia mhojiwa wa namna hii. Hata pasipo na sharti hilo, namshauri mkuu wa kituo aandae orodha ya watu hao mapema, kwa sababu usiku wa manane hawapatikani.

Darasa moja husahaulika. Baada ya miezi 3 naomba kituo kinipe majalada machache yaliyoandikwa "alikaidi amri", pamoja na picha za kamera kama zipo. Tunayapitia kwa saa mkononi: amri ya kwanza ilitolewa lini, na mkono wa askari ulimfikia baada ya sekunde ngapi.