Jinsi Nilivyozuia Sponji ya Kigoda cha Miguu Isibonyee
Kigoda cha kupumzishia miguu kinachotengenezwa kwa mabaki huwa na tatizo moja sugu: sponji iliyokatwa kutoka kwenye godoro kuukuu hubonyea upesi, na visigino huanza kugonga ubao. Nilikuwa na kipande cha plaiwudi cha sentimita 40 kwa 30, miguu ya meza iliyovunjika na pazia la zamani, nikaamua kulimaliza tatizo hilo kabla ya kufunika chochote.

Ufumbuzi ulikuwa kupanga tabaka. Chini niliweka sponji iliyotoka ukingoni mwa godoro, mahali ambapo mwili haulali na kwa hiyo bado ni ngumu. Juu yake nikaweka sponji laini nyembamba, kisha blanketi lililochakaa, ambalo nililikunjia chini ya ubao ili kingo kali za plaiwudi zisikate kitambaa. Sponji zote nilizikata zikiwa kubwa kidogo kuliko ubao, kwa sababu zikibanwa hujaza pembe vizuri.

Kitambaa ndicho kinachodai subira kubwa zaidi. Nilipiga msumari mmoja katikati ya kila upande, nikikivuta kwa nguvu ileile, ndipo nikaelekea kwenye kona kidogo kidogo. Ukianzia konani, mikunjo haitoki tena. Kwenye kona yenyewe niliivuta ncha kuelekea katikati ya ubao, nikaipigilia, kisha nikakunja pande zilizobaki kama bahasha.

Miguu niliifunga kwa skrubu kwenye vipande vya mbao nilivyokuwa nimevigundisha mapema chini ya ubao, kwani plaiwudi nyembamba peke yake haishiki skrubu.