Majina Mawili Kwenye Ukuta wa Barabara ya Ngong

Katika likizo ya Agosti ya mwaka 1996 nilimsindikiza babu yangu kutoka Kitui hadi Nairobi kwenda kulitafuta jina la mdogo wake, aliyekufa baharini wakati wa Vita Kuu ya Pili na ambaye familia yetu haikuwahi kuuona mwili wake wala kaburi lake. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, na nilikuwa nimesoma kwamba katika makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Ngong kuna kumbukumbu ya askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi linalojulikana, wakiwemo wapiga mizinga waliozama na meli iliyoitwa Khedive Ismail. Nilipomweleza babu habari hizo hakusema mengi. Aliuliza nauli ni kiasi gani, kisha akamwagiza bibi amfulie koti lake.

Safari yenyewe ilikuwa ya saa chache, lakini mle ndani ya basi babu alinisimulia mambo ambayo kabla ya hapo nilikuwa nimeyasikia vipandevipande tu. Alianza na siku ya bendi. Ilikuwa mwaka 1942, siku ya soko, watu wakiwa wamejaa na mbuzi wao na vikapu vya pojo na mbaazi, waliposikia tarumbeta na ngoma kubwa kutoka upande wa barabara. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, waliingia wakipiga mguu kwa pamoja, kaptura zao zimepigwa pasi hadi zikasimama, na nyuma yao likaja lori lenye kipaza sauti. Walizunguka uwanja wa soko mara kadhaa, wakacheza gwaride, wakaonyesha bunduki jinsi inavyofunguliwa na kufungwa, kisha afande mmoja Mkamba akapanda juu ya lori akazungumza Kikamba. Alisema Mjapani ameichukua Singapore na Burma, kwamba ndege zake zimepiga mabomu Colombo, na kwamba bahari inayofika Mombasa ndiyo hiyohiyo inayofika Colombo. Akataja mshahara, sare, chakula cha kila siku na nyama. Bendi ilipoanza kuondoka kuelekea soko la pili, vijana waliifuata.

Babu, mdogo wake na rafiki yao wa boma la jirani walikuwa miongoni mwa hao vijana. Walitembea nyuma ya ngoma hadi jua likatua, na kila walipopita kijiji msururu uliongezeka. Babu aliniambia kwamba wengi hawakuwa wameamua lolote. Miguu yao ndiyo iliyoamua, kwa sababu ilikuwa vigumu kusikia ile ngoma na kubaki umesimama. Huyo rafiki yao ndiye aliyekuwa na hofu, kwani baba yake alikuwa amemkataza kabisa kwenda jeshini na alikuwa mtu wa kumfuata mtoto wake hata kambini akamrudishe nyumbani kwa fimbo. Kesho yake walipofika mahali pa kuandikishwa, watu walikuwa wengi na meza za makarani zilikuwa kadhaa. Babu alisukumwa kwenye foleni moja, na wale wengine wawili wakaenda foleni nyingine, mmoja nyuma ya mwenzake.

Naona ni haki kusema hapa kwamba si wote walioingia jeshini miaka ile walivutwa na tarumbeta. Wakenya wapatao 98,000 walivaa sare katika vita ile, pamoja na Watanganyika wapatao 87,000 na Waganda wapatao 77,000, na miongoni mwao wako waliotolewa na machifu kwa kutimiza idadi iliyotakiwa, na wako walioingia kwa sababu mshahara wa askari ulizidi ule wa kibarua wa mashamba ya walowezi. Babu hakupenda watu kumwita aliyelazimishwa. Hakupenda pia kuitwa shujaa. Alisema alikuwa kijana mwenye nguvu, na bendi ilikuwa nzuri.

Babu akawa askari wa miguu katika Keya, na wenzake wawili wakapelekwa kwenye mizinga. Mwaka 1943, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipohamishiwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, babu alivuka katika mojawapo ya misafara ya meli. Hakuwa ameiona bahari kabla ya siku hiyo. Bandari ya Kilindini ilikuwa imejaa manowari, kwa kuwa meli za kivita za Mwingereza zilikuwa zimerudi nyuma hadi Mombasa baada ya Colombo kushambuliwa. Walipandishwa usiku, wakashushwa ngazi baada ya ngazi hadi chini kabisa ya meli, mahali ambapo hewa ilikuwa nzito kwa jasho na harufu ya mafuta.

Alikumbuka masharti ya baharini kama mtu anayekumbuka sala. Usiku hakuna taa, na hakuna kuwasha sigara juu ya sitaha, kwa sababu cheche ndogo huonekana mbali sana gizani. Mchana hakuna kutupa kitu majini, hata ganda la chungwa, kwa kuwa takataka zinazoelea huonyesha njia ambayo meli zimepita. Jaketi la kuelea halivuliwi, ukila umelivaa, ukilala unalifanya mto. Kila mara filimbi ililia na wote walikimbilia mahali walipopangiwa karibu na mashua, wakasimama kimya wakihesabiwa. Meli zote zilikwenda kwa mwendo wa ile iliyokuwa ya polepole kuliko nyingine, na kila baada ya muda zilipinda pamoja, kulia, halafu kushoto, halafu kulia tena, ili nyambizi isiweze kupima zitakapokuwa. Babu alisema jambo lililomtia moyo kuliko yote ni kuamka alfajiri na kuona manowari bado ziko pembeni, zikienda na kurudi.

Wakati babu akiwa Ceylon, mdogo wake alimwandikia barua kutoka Kenya mwishoni mwa mwaka huo, kwa mkono wa mwenzake mwingine aliyejua kuandika. Alisema kwamba kikosi chao, Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, kilikuwa kinajiandaa kwa safari, na kwamba yule rafiki yao alikuwa hospitalini akiugua malaria, na huenda akaachwa. Hiyo ndiyo barua ya mwisho.

Msafara wao ulipewa jina la KR 8, ukaondoka Kilindini mapema mwezi wa Februari 1944 kuelekea Colombo. Ulikuwa na meli tano za kubeba askari: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Khedive Ismail ilibeba watu 1,511, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa Rejimenti ya 301. Wengine walikuwa mabaharia wa Mwingereza, wauguzi na wanawake wa majeshi. Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Walioopolewa hai ni wanaume 208 na wanawake 6 tu, na waliokufa ni 1,297. Nyambizi ile ilijificha chini ya maji palepale walipokuwa wakielea walionusurika, na manowari mbili, Petard na Paladin, zililazimika kuchagua kati ya kuwaokoa watu hao na kuizuia isiende kuzipiga meli zilizobaki. Zilitupa mabomu ya majini katikati ya watu. Baada ya mapigano marefu I-27 ilizamishwa kwa topido ya Petard. Nimeisoma habari hii mara nyingi na sijawahi kuizoea.

Babu hakuisoma popote. Aliisikia huko Ceylon kutoka kwa mpiga mizinga mmoja aliyeokolewa, ambaye alimwambia kwamba wengi walikuwa ndani, chini, meli ilipopigwa, na kwamba yeye alipona kwa sababu alikuwa amepanda juu kupunga upepo. Alimfahamu mdogo wake babu, na alijua kwamba alikuwa chini. Babu akamuuliza pia habari za yule rafiki yao, akimtaja jina. Yule mtu akafikiri sana, akajibu kwamba katika kikosi chao hapakuwa na mtu mwenye jina hilo. Babu akashukuru Mungu, akaamini kwamba malaria ilimwokoa mwenzao. Akaenda zake Burma na divisheni yake, akapigana katika bonde la Kabaw wakati wa mvua, akarudi nyumbani vita vilipokwisha.

Nyumbani alikuta kwamba barua ya serikali kuhusu mdogo wake ilikuwa imesomwa na chifu mbele ya baraza, na mama yao alikuwa amelia na kumaliza. Boma la jirani halikupata barua yoyote. Miaka ilipita bila mtoto wao kurudi, na ikaanza kusemwa kwamba alilowea ng'ambo, kwamba ameoa huko, kwamba amewasahau wazazi. Baba yake alikufa akiwa na kinyongo. Hata hivyo wazee waliligawa shamba na kumtengea sehemu yake, kwa kuwa mtu aliye hai hawezi kunyimwa urithi kwa sababu ya kuchelewa kurudi.

Tulifika Barabara ya Ngong kabla ya adhuhuri. Makaburi yalikuwa yamepangwa kwa mistari, mawe yote ya kimo kimoja, nyasi zimekatwa, maua yamepaliliwa. Mlinzi alitupokea kwa heshima, akamwita babu "mzee wa Keya" kabla hatujajitambulisha, akatuonyesha kumbukumbu na daftari la majina. Jina la mdogo wake babu nililipata upesi. Babu aliweka kofia chini, akasimama sawasawa, mikono ubavuni, akabaki hivyo kwa muda. Kisha akaniambia, "Sasa nisomee wengine."

Nilimwambia ni wengi. Akajibu kwamba nao pia waliacha watu nyumbani. Nikaanza juu, nikasoma safu moja baada ya nyingine kwa sauti, majina ya Kikamba, Kiluo, Kinandi, ya Waganda na ya Wanyamwezi, na babu akiitikia kila jina kwa "Ee", kama karani anayehesabu watu kwenye paredi. Koo lilikuwa limeanza kunikauka niliposoma jina moja ambalo hakuliitikia. Nikageuka. Akaniambia nilisome tena. Nikalisoma.

"Huyo ninamjua," alisema. "Lakini huyo hakuwa askari. Huyo alifia kwake Mwingi, mzee kabisa, miaka ya sitini. Ni mjomba wa rafiki yetu."

Tulirudi kwenye daftari. Namba ya jeshi ya mtu huyo ilifuatana na ile ya mdogo wake babu, pasipo namba nyingine katikati. Hapo babu akakaa chini kwenye ngazi. Aliiona ile foleni ya mwaka 1942, mmoja nyuma ya mwenzake: kijana anayemwogopa baba yake, anaulizwa jina na karani, anataja jina la mjomba wake na lokesheni ya mjomba wake, ili akitafutwa asipatikane. Barua ya kifo chake, kama iliandikwa, ilipelekwa Mwingi kwa mtu aliyekuwa hai. Na yule mpiga mizinga aliyeokolewa alisema kweli, kwani jina aliloulizwa halikuwamo kikosini.

Kesho yake tulirudi Kitui, na babu hakwenda kwanza nyumbani kwake. Tulikwenda moja kwa moja hadi boma la jirani, kwa dada mdogo wa yule askari, mama mzee aliyekuwa amesalia peke yake kati ya watoto wa nyumba ile. Babu alimwita "dada yangu", akamweleza yote kwa utaratibu, tangu bendi hadi namba. Yule mama alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza swali moja tu: alikufa mwaka gani? Babu akamwambia, Februari 1944.

"Kwa hiyo alipoanza kutukanwa hapa," alisema, "alikuwa amekwisha kufa."

Alituma mtoto akawaite wajomba na wana wa kaka zake jioni ileile, na hakuruhusu babu aondoke hadi walipofika wote, ili wasikie kutoka kinywani mwake na si kutoka kwa mtu mwingine. Mimi niliombwa niandike kwenye daftari la shule la mjukuu wake jina la kuzaliwa la kaka yake, jina aliloandikishwa nalo, namba yake, jina la meli na tarehe. Yule mama alitaka kujua kama jina la ukutani linaweza kubadilishwa. Niliandika barua kuulizia, nikajibiwa kwa adabu kwamba unahitajika ushahidi wa maandishi, nasi tulikuwa na maneno ya mzee na namba mbili zinazofuatana. Mwezi wa Desemba wanaukoo walikutana kulizungumzia shamba. Sehemu yake haikugawanywa. Walimpa kijana wa nyumba hiyo aliyekuwa amerithi jina lake la kuzaliwa, na kabla ya kumkabidhi mipaka yule mama alimpeleka Nairobi, akamwonyesha ukuta.