Aliyemkuta njiwa wa gharika kwenye udongo

Kuna mtu namuwaza sana siku hizi, anaitwa George Smith, mzaliwa wa London 1840, mtoto wa familia ya kawaida tu ambae shule aliacha na miaka 14 akaenda kujifunza kazi ya kuchonga bamba za kuchapia noti. Hana digrii, hana mjomba serikalini. Ila mchana wenzie wakienda kula yeye anakimbilia British Museum, anajiinamia kwenye vibao vya udongo vilivyochimbwa Ninawi huko Iraki, vile vya maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru ya kale, mpaka wakubwa wa pale wakashtuka huyu kijana anajua kweli, na 1867 wakamwajiri.

Na ule mwandiko wa kabari, yaani alama zilizobonyezwa kwenye udongo mbichi, jamani sio mchezo, ukiuona ni kama kuku kaparua tope. Alama moja inaweza ikawa neno zima au silabi tu, inabidi uangalie majirani zake ndo ujue.

Sasa 1872 anachambua vipande, anakuta chombo kimekwama juu ya mlima, mistari inayofuata njiwa katumwa, kakosa pa kutua, karudi. Hebu fikiria! Ile ile ya Nuhu tuliyolelewa nayo, ila hapa mwenye safina anaitwa Utnapishtim na ipo ndani ya utenzi wa kale wa mfalme Gilgamesh, kwa Kiakadi, lugha iliyokufa zamani sana. Baada ya njiwa anatumwa mbayuwayu nae anarudi, kisha kunguru, huyo akaona maji yamepungua, akala zake, hakurudi tena.

Tarehe 3 Desemba akaisoma hadharani, waziri mkuu wa Uingereza, Gladstone, kakaa anasikiliza. Gazeti la Daily Telegraph likatoa gini 1,000 (pesa ya Kiingereza ya zamani) aende Ninawi kutafuta kilichobaki, na 1873 akakipata kweli kipande kingine cha gharika.

Kinachoniuma ni alivyokufa. Safari ya tatu, 1876, kuhara damu kukamshika njiani akafia Aleppo huko Syria, miaka 36 tu, kaacha mke na watoto wadogo.

Juzi nikamuonyesha bibi picha ya kile kibao kwenye simu, nikaivuta ikawa kubwa, nikamsimulia mstari kwa mstari. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Sasa huyo kunguru, mjukuu wangu, alikuwa anakula nini?"