Mapaa ya Ogimachi
Ukienda Japani, usiishie Tokyo na Kyoto. Moyo wangu uko Ogimachi, kijiji cha Shirakawa-go mkoani Gifu, kilichoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1995. Mapaa yake ya nyasi yameinuka kama viganja vilivyokutanishwa kwa sala, ili theluji iporomoke. Panda darini nyumba ya familia ya Wada: huko walifuga viwavi wa hariri, na moshi wa jikoni ukapanda kukausha nyasi na kufukuza wadudu. Miti ya paa imefungwa kwa kamba, si misumari! Paa likichakaa, majirani huliezeka pamoja. Watu bado wanaishi katika nyumba hizi, tafadhali usichungulie madirishani. Ukipata nafasi, lala Ainokura, kijiji kingine cha mapaa haya, kule Gokayama. Ni kadogo, na mimi nakapenda zaidi.