Nilitafuta hotidogi, nikakutana na smocha

Leo mchana mimi na mwenzangu wa kazini tuliamua kumaliza ubishi: hotidogi tamu zaidi katikati ya jiji la Nairobi iko wapi?

Mkahawa wa kwanza, karibu na Moi Avenue, ulikuwa sawa tu. Mkate laini, soseji ya kawaida. Wa pili, soseji ilikuwa baridi katikati. Nimeacha nusu, na bei yenyewe msiniulize.

Tukirudi ofisini, pale karibu na jengo la Archives, tukakuta mkokoteni wa smoki, zile soseji za moshi.

Kijana akapasua smoki kwa kisu, akaijaza kachumbari na dhania, kisha akaikunja ndani ya chapati moto. Hiyo ndiyo smocha.

Jamani! Ile ngozi ya smoki inavyopasuka kwa meno, halafu maji ya nyanya yanateremka hadi kiwiko... Nilinyamaza kabisa, na mnanijua mimi si mtu wa kunyamaza. Mwenzangu naye: "Bosi, ongeza pilipili," huku machozi yanamtoka tayari.

Najua kuna watakaosema smocha si hotidogi. Nyama ndani ya ngano, tofauti iko wapi?

Haya, watu wa Rongai, Umoja na Kahawa, mkokoteni wenu mtamu uko stegi gani? Nakuja na njaa.