Jiwe Juu ya Mlango wa Mnara

Kwetu Lamu, ribati ni neno la utulivu: mahali mtoto anapopelekwa kusoma dini na kulala na wenzake. Mjomba alisomea ribati, akahifadhi Qur'ani nzima. Aliponitembelea Tunisia nilikokuwa nasoma, nikamwambia mji wa Sousse una ribati ya zaidi ya miaka 1,000, alitaka twende siku ileile.

Langoni alisimama ghafla. Juu yetu kulikuwa na mianya, na mlinzi akaeleza kuwa adui aliyefika hapo alimwagiwa mafuta ya moto. Ghorofani tukakuta msikiti, mzuri na mtupu, ukuta wake una matundu membamba ya mishale. Mjomba aliingiza vidole katika tundu moja, akanyamaza kwa muda.

"Kumbe waliswali huku wanalinda," alisema.

Mnara uko kwenye kona ya kusini mashariki. Kitako chake ni cha mraba, halafu mwili unapanda mviringo. Walinzi waliangalia bahari kutoka juu yake, na usiku waliwasha moto kupeleka habari ribati nyingine za pwani. Msikiti Mkuu ulio karibu, wa mwaka 851, ulijengwa bila mnara mrefu wa adhana kwa sababu huu ulikuwepo tayari. Napenda sana jambo hilo: ngazi moja ya mzunguko, mlinzi na mwadhini wanapishana.

Juu ya mlango wa mnara pana jiwe la marumaru lenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yasiyo na nukta hata moja. Mjomba aliyakodolea macho. Mzee aliyesoma Kiarabu maisha yake yote akawa anatafuta alifu kama mtoto wa chuoni! Mlinzi akatusomea: amiri Ziyadat Allah bin Ibrahim ndiye aliyeamuru, kazi ikasimamiwa na Masrur, mtumwa wake aliyeachwa huru, mwaka 206 wa Hijria, yaani 821.

"Na mstari wa mwisho?" niliuliza.

Mlinzi alitamka maneno mawili tu. Mjomba akadakia, sauti imepanda, akaumalizia bila kuliangalia jiwe: *munzalan mubarakan wa anta khayrul-munzilin*.

"Dua ya Nabii Nuhu," aliniambia, macho yamelowa. "Ya kuteremka salama kutoka jahazini."

Kisha akashika ukuta, akaanza kupanda.