Wala Akae Naye

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Mwanzo 39, na ningeomba uusome mlango mzima, maana wengi tunaukumbuka kwa lile vazi tu.

Tunapenda kumhubiri Yusufu akikimbia. Ni kweli alikimbia, akaliacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa. Lakini rudi kwenye mstari wa 10. Yule mama alisema naye siku baada ya siku, na Yusufu hakumsikiliza alale naye, "wala akae naye." Kijana huyu alikuwa mtumwa katika nyumba ya watu. Hakuwa na ruhusa ya kuhama wala kutafuta kazi kwingine. Alichobakiwa nacho ni kuamua akae karibu na nani, na hilo aliliamua mapema, siku za kawaida, kabla ya ile siku nyumba ilipokuwa tupu.

Sisi wa Nyanda hizi za Juu Kusini tumeingia msimu wa hela. Mpunga wa Usangu na Kyela umeshavunwa, mahindi yanapukuchuliwa, viazi vinapakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam. Baba ambaye tangu masika alikuwa akikopa mbolea, sasa ana milioni kwenye simu. Majaribu ya njaa ameyazoea. Haya ya shibe yanamkuta hajajiandaa.

Tazama inavyokwenda. Hakuna anayepanga kuchezea kamari ada ya mtoto. Anachopanga ni kuangalia matokeo ya mpira tu, yuko kitandani, taa imezimwa, mama watoto ameshasinzia. Chini ya matokeo kuna tangazo la kubeti. Anaweka mia tano kwa mkeka, yaani tiketi ya kubashiri, wa timu nne. Unachanika, hela imepotea. Anaweka elfu mbili ili airudishe ile mia tano. Ikifika saa nane usiku ada ya kidato cha pili imekwenda, na hajui asubuhi ataanzia wapi kusema. Ukimwuliza alianguka wapi, atakuambia ni pale alipoweka laki. Naamini alianguka mapema zaidi, alipobaki gizani peke yake na simu yenye hela ya familia nzima.

Ndugu zetu wa Iringa wanaujua ulanzi, pombe ya mwanzi. Mgema hukata chipukizi la mwanzi, maji yakadondoka kwenye mbeta, chombo cha kukingia, na yakiwa mapya ni matamu, hata mtoto anakunywa. Hakuna anayetia hamira. Yakikaa tu yanachacha yenyewe, na baadaye yaleyale yanamwangusha mtu mzima njiani. Yakobo 1:14-15 inaieleza tamaa kwa mwendo huohuo: inachukua mimba, inazaa dhambi, dhambi ikikomaa inazaa mauti. Kinachohitajika ni muda tu, na muda huo tunautoa sisi.

Paulo anatuahidi katika 1 Wakorintho 10:13 kwamba pamoja na jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea. Wapo wanaolia kwamba waliutafuta wasiuone. Mara nyingi mlango ulikuwa wazi saa moja jioni, mtu akaja kuutafuta saa nane usiku. Hata hivyo, kwa aliyekwisha kuchelewa, Mungu ni mwaminifu bado. Yusufu naye siku ile alijikuta ndani, vazi limeshikwa. Achia vazi, ondoka. Aibu ya kutoka bila vazi inavumilika.

Kwa hiyo hela ya mavuno ikiingia, siku hiyohiyo toa fungu la kumi, lipa ada, weka mbolea ya msimu ujao, na kilichobaki mkeo akijue. Simu ilale sebuleni. Aliyeacha pombe asipite kilabuni "kusalimia" tu, hata kama njia nyingine inamzungusha. Wengine wataona haya ni mambo ya kitoto, lakini Bwana wetu mwenyewe alifundisha tuombe tusitiwe majaribuni. Na kule jangwani, baada ya siku 40 za kufunga, majibu yake yote matatu yalitoka Kumbukumbu la Torati. Neno lilikuwa ndani yake kabla ya njaa. Luka 4:13 inaongeza kwamba Ibilisi alimwacha kwa muda, basi ushindi wa wiki hii usitulaze.

Kuna jambo moja hatulisemi vya kutosha. Yusufu alishinda, akafungwa gerezani. Huko Bwana akawa pamoja naye, lakini gereza lilikuwa gereza.

Hata leo kushinda kunagharimu. Wapo akina mama miongoni mwetu wanaouza viazi na maharage kwa sado, ile ndoo ndogo ya plastiki ya kupimia. Kitako cha sado kikipashwa moto na kusukumwa ndani kwa ngumi, kila kipimo kinapungua konzi moja au zaidi, na mnunuzi haoni kwa sababu juu pamejaa kilima. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na dada yetu mmoja kwa kumcha Mungu ameacha kitako chake kilivyo. Jirani yake aliyekisukuma anaweza kushusha bei, na wateja wanakwenda huko. Jioni dada huyu anarudi nyumbani na nusu ya mzigo. Tusimwachie maombi peke yake. Jumuiya zetu, kwaya zinapopika, harusi na misiba yetu, tununue kwake kwanza, kwa bei yake.